Mwalimu Hashindani

Baba yangu ana hadithi moja. Wazee wengine wa umri wake wanazo nyingi, za vita, za wanawake, za mamba waliowakosa kidogo. Yeye anayo moja tu, ya siku aliyovishwa koti. Nimeisikia nikiwa mtoto, nimeisikia nikiwa mjamzito, nimeisikia nikiparua magamba ya samaki hapa Kashikishi, kando ya ziwa Mweru, huku nzi wakinitua usoni, na kila mara inaanza mahali pale pale: siku ile klabu nzima ilisimama. Sasa naiandika mimi, maana mwenyewe haisimulii tena, na naiandika kwa hasira. Sioni kwa nini niifiche.

Alizaliwa upande wa pili wa mpaka, Katanga, katika mji wa shaba ambao sitautaja. Mgodi ulikuwa na hospitali yake, shule zake, duka lake, na uwanja wake wa gofu. Majani ya uwanja yalinyweshwa kila asubuhi, wakati mabomba ya kwetu katika kambi ya wafanyakazi yalikuwa yakikohoa hewa tu. Baba alianza akiwa kedi, yaani mbebaji wa mfuko wa fimbo za wachezaji. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama. Jumatatu klabu ilipofungwa, makedi waliruhusiwa kucheza wenyewe, na wao walichukua fimbo zilizotupwa, wakazifunga waya, wakashindana kuanzia jua kuchomoza. Hiyo Jumatatu ndiyo iliyokuwa shule yake yote.

Nilipopata akili, alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya kutunza majani, na wazungu walikuwa wamepungua. Mabosi sasa walikuwa watu wetu. Waliokuwa wakiwacheka wazungu kwa kukimbizana na kimpira, sasa walikikimbiza wao, matumbo mbele, kwa sababu bosi asiyecheza gofu hakuonekana kuwa bosi. Walipokosea, walimwita baba awarekebishe mkono au mguu. Naye aliwarekebisha, kisha jioni anacheza nao, anawashinda, anawashukuru kwa kumkubalia wacheze pamoja.

Katika baa ya klabu kulikuwa na ubao wa mabingwa. Ulikuwa ubao mweusi wenye majina ya dhahabu, kila mwaka jina moja. Mashindano hayo yalikuwa ya wanachama tu, mpaka mwaka mmoja kampuni ikatangaza kwamba klabu ni ya wafanyakazi wote, wakubwa kwa wadogo. Ilikuwa siasa ya wakati ule, na nadhani hakuna aliyetegemea mfanyakazi mdogo aichukulie kuwa kweli. Baba aliichukulia. Aliandikisha jina lake, na mjini watu wakaanza kuulizana, kwa kuwa kila mtu alijua hakuna wa kumweza, hata prezida wa klabu, injinia mkubwa wa mgodi ambaye jina lake lilikuwa limeuzoea ule ubao.

Wiki ile ile prezida alimwita. Hakumfokea wala hakumtisha. Alimwandalia sherehe.

Ninaikumbuka kwa macho yangu, si kwa hadithi ya baba. Nilivaa gauni lenye mkanda, nikala keki, nikajipaka krimu yake mpaka kwenye nyusi. Prezida alisimama, na klabu nzima ikasimama naye, hapo hadithi ya baba haina chumvi. Akamvisha koti la rangi ya maziwa, lenye nembo kifuani, akatangaza kwamba huyu ndiye mwana wa nchi wa kwanza kuwa profesionel wa klabu, mwalimu rasmi, mwenye kulipwa kwa kufundisha. Watu walipiga makofi. Kisha prezida akamshika bega akasema kwa Kifaransa neno ambalo baba amelitafsiri maisha yake yote: mwalimu hashindani na wanafunzi wake.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze. Gofu ina sheria kwamba anayelipwa kwa kufundisha si mchezaji wa ridhaa tena, na mashindano ya ubingwa wa klabu ni ya watu wa ridhaa. Baba aliijua sheria hiyo vizuri kuliko mtu yeyote pale. Lakini aliielewa kwa namna yake. Aliona amepandishwa. Aliona wale wanashindania kitu ambacho yeye ameshakipita, na kwamba kushuka akapigane nao kungekuwa kujivunjia heshima. Akafuta jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, huku anatabasamu. Walimvisha kilemba cha ukoka naye akatoka nacho kifua mbele.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alivua viatu vyake vya sherehe, akakaa kwenye kibao, akauliza, "Na sasa ile championnat, nani atashinda?"

Baba akatundika koti msumarini. "Ni Prezida," akasema. "Nani ingine?"

Mama akacheka. Alicheka muda mrefu, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akainuka kwenda kuwasha mkaa. Baba akacheka pia. Ndiyo maana kicheko kile kiliingia katika hadithi, mwishoni kabisa, mahali pa utamu: "Na hata mama yako, siku ile alicheka kwa furaha mpaka machozi." Mwaka ule prezida alishinda, na mwaka uliofuata.

Miaka ya koti ilikuwa mizuri, nisiseme uongo. Tulihamishiwa nyumba yenye veranda. Mawaziri walipopita mjini, baba ndiye aliyeitwa kuwasimamisha sawasawa na kuwaonyesha namna ya kushika fimbo. Kisha mgodi ukaanza kufa, mishahara ikawa hadithi, askari wakavunja maduka, na siku moja wakaivunja klabu pia. Walibeba hata milango. Majani yakaota kufika kiunoni, na baba akawa anakwenda kazini kila asubuhi na koti lake kumfundisha nani, mimi sijui.

Tulipoondoka, tulipanda lori la mahindi mpaka Kasenga, tuvuke mto Luapula kwa mtumbwi tuingie Zambia. Dereva alisema familia moja, mzigo mmoja mzito. Mama alikuwa na cherehani, ya mguu, aliyoletewa na ndugu zake alipoolewa. Baba alikuwa na mfuko wa fimbo. Mama alimtazama. Baba akasema fimbo ndizo kazi yake, na mtu hahamii nchi ya watu bila kazi. Cherehani ilibaki kwa jirani.

Kashikishi palikuwa na mama mkubwa, dada yake mama, mchuuzi wa samaki, aliyetupokea katika chumba kimoja chenye harufu ya chumvi. Baba hakukaa. Alishuka kwenye miji ya shaba ya upande huu, ambako aliambiwa kuna viwanja vikubwa, na akabisha kwenye klabu zao amevaa koti. Wakamwomba cheti. Akawaonyesha koti. Sehemu moja walimhurumia wakamwambia anaweza kuwa kedi, akianza kesho. Aliwajibu kwamba profesionel habebi mfuko wa mtu, akarudi kwetu amekonda, na akatueleza jibu hilo kwa fahari huku tunakula bukari, ugali wa kwetu, kwa mboga ya majani ya mihogo bila hata dagaa moja juu yake. Mama alikuwa akikaanga mandazi ya kuuza kituoni. Aliongeza unga kwenye beseni akaendelea kukanda.

Mama alifariki hapa hapa Kashikishi. Mandazi yalinisomesha mpaka yalipofika, kisha nikarithi sehemu ya mama mkubwa ufukweni, pale tunapoanika chisense, vidagaa vyetu vya Mweru. Mume wangu alikuja na akaondoka, na habari zake hazimo humu.

Mwanafunzi pekee aliyebaki kwa baba alikuwa mimi. Alinifundishia mchangani, kati ya maanikio, asubuhi kabla mitumbwi haijarudi, na wanawake wakitutukana kwa Kibemba na Kiswahili kila nilipopiga mpira ukarusha mchanga juu ya samaki wao. Mpaka leo kuna bibi mmoja anayeniita "mama wa mchanga kwenye meno". Lakini nilijifunza. Mchanga ni mgumu kuliko majani. Ukikosea unaona palepale ulipokosea, na baba hakuwa na huruma. Nilipenda. Sikupenda koti wala hadithi, nilipenda ule mlio mdogo mpira unapopigwa sawasawa, na kwamba kwa dakika hiyo sikuwa mchuuzi wala mkongomani wala mtu aliyeachwa.

Sasa mwenye malori. Ni mzaliwa wa hapa, amepata kwa samaki, na malori yake yanapeleka shehena mpaka miji ya shaba. Huko aligundua kwamba biashara kubwa haizungumzwi ofisini, inazungumzwa kwenye majani ya gofu. Akarudi Nchelenge, boma letu hapa jirani, na hamu ya majani. Mtu akamwambia kuna mzee mkongomani Kashikishi anayepiga vimpira ufukweni kila siku kama kichaa. Akaja mwenyewe, akavua kofia, akamwita baba "Ba Pro". Kwa neno hilo moja baba angemjengea hata kanisa.

Alimjengea uwanja wa mashimo sita, nyuma ya boma, juu kidogo ya ziwa. Majani laini ya kuzunguka shimo hatungeyaweza, hivyo baba alifanya kama walivyofanya makedi wa kwao: mchanga wa ziwa, unachanganywa na oili chafu ya injini za boti na malori, unapondwa mpaka unakuwa mweusi, laini, na mpira unateleza juu yake. Tunapaita brauni. Kila ukimaliza kucheza, unavuta gunia kutoka pembeni hadi shimoni kufuta nyayo zako, ili anayekuja akute pamenyooka. Ukiacha kuvuta gunia, umemtukana mwenzako. Baba alivuta gunia hata siku ambazo hakuna aliyecheza.

Wakaja mabosi wa boma, daktari, mkuu wa shule, wafanyabiashara, na mwenye malori akawa mwenyekiti. Sote tunamwita Ba Chemani. Walijenga kibanda cha nyasi, wakaweka viti na friji. Jumapili baada ya kanisa wanacheza, kisha wanakaa kibandani wakinywa bia au munkoyo, pombe ya mahindi, na baba, katika koti lake la maziwa ambalo sasa lilikuwa la rangi ya chai, anasimulia. Klabu nzima ilisimama. Mwalimu hashindani na wanafunzi wake. Hata mama yako alicheka. Ba Chemani alikuwa akiipenda hadithi ile. Alikuwa akiiomba.

Na mimi nilicheza nao. Mwanzoni waliona ni mzaha, mwanamke wa chisense na fimbo zilizofungwa waya. Mzaha uliisha mapema. Nilimshinda daktari, nikamshinda mkuu wa shule, na Ba Chemani nilimshinda Jumapili kwa Jumapili mpaka akaacha kuhesabu kwa sauti. Si mchezaji mbaya, na hilo linaniudhi zaidi. Angengoja mwaka mmoja, afanye mazoezi, labda angenishinda kihalali.

Wake wa mabosi nao wakataka kujifunza. Niliwaonyesha, Alhamisi jioni, namna ya kusimama na kuachia mabega. Sikuwadai kitu. Lakini kwetu mtu akikuonyesha jambo huondoki ukamwacha mikono mitupu, pande zote mbili za ziwa ni hivyo. Wakawa wananiachia sukari, sabuni, mara moja kitenge. Nilichukua, ningewezaje kukataa bila kuwaaibisha? Baba alipoona ile sukari alifurahi kuliko mimi. Jumapili iliyofuata alisimama kibandani na munkoyo mkononi akatangaza, "Munaona? Naye mutoto yangu iko profesionel. Njo damu." Watu wakapiga makofi. Ba Chemani pia alipiga.

Kisha likatangazwa shindano la ubingwa, la kwanza la uwanja wetu, lichezwe katika miezi ambayo ziwa hufungwa ili samaki wazae na watu wote tunakaa bila kazi. Seremala akaleta ubao wa mti wa mkula, mwekundu, uliopigwa msasa na kupakwa mafuta, ukatundikwa kibandani. Juu yake kulikuwa na neno moja tu, Mabingwa, kwa dhahabu. Chini palikuwa patupu.

Baba aliniita nikauone. Alikuwa peke yake, amevua kofia. Akaweka kiganja chake kwenye mstari wa kwanza, mahali jina litakapoandikwa.

"Miye sikuandikwaka," akasema, "paske nilikuwa juu yabo. Weye utaandikwa. Jina ni moja tu, ya kwangu na ya kwako. Bakiandika ya kwako, banaandika ya kwangu."

Ninasema wazi, niliutaka mstari ule. Nilijiambia ni kwa ajili yake, mzee ambaye magoti yamekwisha na ambaye hajawahi kuandikwa popote ila kwenye daftari za wakimbizi. Lakini niliutaka kwa ajili yangu pia. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye watu wanamjua kwa harufu. Nilifanya mazoezi asubuhi na jioni, na baba alinifuata na kiti chake kidogo, ananikaripia kisigino, ananikaripia shingo, na usiku tunalala hoi kama watu waliotoka kulima.

Jumapili moja kabla ya shindano, Ba Chemani alituita mbele ya watu wote. Kibanda kilijaa. Juu ya meza kulikuwa na keki.

Akaanza kwa kumsifu baba, kwa Kiswahili chake cha sokoni. Akasema Nchelenge ni tajiri kuwa na mzee kama huyu. Baba alikuwa ameketi kiti cha mbele, anapiga makofi yale ya heshima ya huku, viganja vimekunjwa, taratibu. Kisha Ba Chemani akafungua mfuko wa plastiki akatoa koti. Lilikuwa la kijani, jipya, bado na mikunjo ya dukani, na mgongoni limeandikwa Kochi.

"Leo tunamupatia Madamu kazi," akasema. "Njo mwanamuke wa kwanza kuwa kochi ku Mweru yote. Atafundisha bibi zetu, atafundisha na siye."

Watu wakashangilia. Mke wa daktari alinikumbatia, na najua alifurahi kweli, hakuwa na hila yoyote.

"Asante, Ba Chemani," nikasema. "Nitaivaa shindano ikiisha."

Akatabasamu. Hakuwa na haraka. "Ah, Madamu. Si munajua sheria. Na mulishaanza, sukari munapokea, sabuni munapokea. Ba Pro mwenyewe alitangaza hapa hapa, mutoto yake iko profesionel. Siye wote tulisikia." Akamgeukia baba, akamshika bega kwa upole. "Na njo beye Ba Pro balitufundisha ile neno ya muzuri. Mwalimu hashindani na banafunzi yake."

Nilikuwa nikimtazama baba. Makofi yake yalikuwa bado yanaendelea, polepole, na yalisimama katikati, kiganja kimoja juu ya kingine, havijagusana. Akatazama koti la kijani. Akatazama keki. Akajitazama kifuani, kwenye ile nembo iliyofumuka. Sijapata kuona mtu akizeeka mbele yangu, lakini siku hiyo niliona.

Akasimama. Alishika meza kwa sababu ya magoti.

"Nilibongopa," akasema.

Watu wakamgeukia.

"Uyu hafundishake mutu. Ile sukari ni ya urafiki tu. Siku ile nilikuwa najisifu, munkoyo ilikuwa mingi. Haiko profesionel, hapana."

"Ba Pro," Ba Chemani akasema, anacheka kidogo, "musijishushe."

"Na miye siko profesionel." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na mkubwa wake. "Miye ni kedi. Nilibebaka mifuko ya bazungu. Ile koti balinipatia tu. Kedi hawezi kuzaa profesionel. Muache mutoto acheze."

Alikuwa ni mtu yule yule aliyetulaza njaa kuliko kubeba mfuko wa mtu. Aliyeiacha cherehani ya mke wake ng'ambo ya mto. Jina hilo la profesionel ndilo pekee alilovuka nalo, na alikuwa analivua mbele ya watu waliokuwa wakimnunulia munkoyo, analiweka mezani karibu na keki.

Nao wakampigia makofi. Walidhani ni unyenyekevu. Mkuu wa shule alisema huo ndio ukubwa, mzee wa heshima zake kujiita kedi. Ba Chemani alimkumbatia, akamketisha, akamkatia kipande cha kwanza cha keki. Daktari peke yake aliinamisha macho, akajifanya anafuta miwani. Nikasema wanaweza kuniondolea ukochi wao, mimi nitacheza. Wakacheka kwa upendo, wakasema Madamu ana moto, na jina langu halikuwemo tena kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Koti nilipewa mikononi. Ningelitupa pale chini, lakini baba alikuwa anajaribu kumeza keki.

Siku ya shindano sikwenda. Nilikaa uani nikatwanga mihogo iliyokuwa tayari imetwangika. Baba alikwenda, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuzitengeneza zile brauni, na asingekubali watu wacheze kwenye mchanga ulioharibika, hata watu wale. Alirudi jioni na oili kwenye suruali mpaka magotini.

"Ba Chemani alishinda," akasema.

"Nani ingine?" nikamjibu, kabla sijafikiri.

Alinitazama. Kisha akaingia ndani akalala bila kula.

Ziwa lilipofunguliwa nilirudi ufukweni. Chisense zilikuwa nyingi mwaka huo na ndege walikuwa wengi zaidi, hivyo nikachomeka mti katikati ya maanikio nikalivisha lile koti la kijani. Linafaa. Upepo ukiingia mikononi linapunga, na kunguru hawasogei. Wanawake walicheka sana, na yule bibi wa mchanga kwenye meno akasema sasa ameelewa kochi anafundisha akina nani. Ba Chemani amepita na gari lake akaliona. Alipiga honi akapunga mkono. Mkewe bado ananitumia sukari, naye namrudishia samaki.

Baba alikuja siku hiyo akitembea na fimbo moja ya gofu kama mkongojo. Alikuwa hajakanyaga ufukwe tangu shindano. Koti lake hakulivaa. Liko msumarini nyumbani, na sijui kama atalivaa tena. Alikaa juu ya kreti la samaki akanitazama nikigeuza chisense. Akaitazama na ile sanamu yangu ikipungia ziwa. Nilitegemea anikemee, maana koti kwake ni koti. Hakunikemea.

"Mama yako," akasema, "alijua?"

Niliendelea kugeuza samaki. "Kujua nini, papa?"

"Ile siku. Ya koti."

Nilimwona mama kwenye kile kibao, viatu vyake vya sherehe pembeni, ncha ya kitenge machoni. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwepo. Nilimjibu jibu pekee nililokuwa nalo.

"Hapana, papa. Mama alifurahi. Si unasema kila siku alicheka?"

Nikadhani ameridhika. Alikuwa anachora mchangani kwa kichwa cha fimbo, mstari mmoja, anaufuta kwa mguu, anauchora tena.

"Alijua," akasema. "Alicheka, kisha akaenda kuwasha makaa. Na alikaa na miye miaka yote ile, hakuniambia."